Muziki Masikioni Siku ya Mashindano: Nivae au Nivue?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimekuwa nikikimbia mbio ndefu kwa miaka 4, na katika muda wote huo sikumbuki siku niliyotoka kwenda mazoezini bila vipokea sauti masikioni. Nimemaliza nusu marathoni 3, zote nikisikiliza nyimbo nilizozipanga mwenyewe kuanzia mstari wa kuanzia hadi utepe. Sasa nimejiandikisha kukimbia marathoni kamili kwa mara ya kwanza, na karatasi ya maelekezo inasema kwamba vipokea sauti "havishauriwi". Wenzangu wa klabu wamegawanyika: wapo wanaosema mkimbiaji wa kweli husikiliza pumzi zake, na wapo wanaosema kilomita 42 bila muziki ni kujitesa bure. Ninachoogopa mimi ni zile kilomita 10 za mwisho. Je, nivae au nivue?

JIBU: Marahaba. Tuanze na neno lililo kwenye karatasi yako, kwa maana "havishauriwi" si "haviruhusiwi", na wakimbiaji wengi huyasoma kama neno moja. Kanuni za World Athletics, lile shirikisho linalosimamia riadha duniani, huhesabu simu, redio na vifaa vingine vya aina hiyo kuwa msaada usioruhusiwa ndani ya eneo la mashindano. Anayewania nafasi au zawadi ya fedha hana mjadala hapo. Kwa umati unaokimbia nyuma yake, kwa kawaida waandaaji wa kila mashindano huamua wenyewe. Chama cha riadha cha Marekani kilijaribu kuwakataza wakimbiaji wote kuanzia mwaka 2007, lakini haukupita muda mrefu kikaona kwamba hakuna awezaye kukagua masikio ya maelfu ya watu waliojazana barabarani. Mwishoni mwa mwaka 2008 kikalegeza, marufuku ikabaki kwa wanaowania ubingwa, nishani au fedha, na wengine wakaachiwa waandaaji. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2016, kilichoangaliwa ni barabara yenyewe: ikiwa magari hayakuzuiwa kabisa, vipokea sauti vya kuziba masikio havivaliwi. Wanaoshindana katika triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, wamekatazwa moja kwa moja.

Kuna kisa cha mwaka 2009, katika marathoni moja ya mjini Milwaukee, Marekani, ambacho mimi huwasimulia wanaodhani kanuni hizi ni za kupamba karatasi. Mwanamke aliyemaliza wa kwanza alinyang'anywa ushindi kwa sababu alipokea maji kutoka kwa rafiki yake mahali pasipokuwa kituo cha maji. Ushindi ukaenda kwa aliyemfuata, naye akaja kuondolewa baada ya kubainika kwamba alikimbia akitumia kifaa cha muziki. Aliyebeba ushindi mwishoni ni aliyefika wa tatu.

Wewe huwanii fedha, na karatasi yako haikukatazi. Basi tuingie kwenye swali lenyewe, ambalo ni kama muziki utakufaa kitu.

Unafaa, ila si mahali pote. Akili ya mtu anayekimbia haiwezi kusikiliza kila kitu kwa mara moja. Unapokwenda kwa mwendo ambao mtu akikuuliza jambo unaweza kumjibu kwa sentensi nzima, taarifa zinazotoka mapajani na kifuani bado ni za sauti ya chini, na wimbo mzuri huweza kuzifunika. Ndiyo maana mazoezi ya saa moja na nusu huonekana mafupi ukiwa na muziki. Lakini ukizidisha mwendo hadi ukawa unajibu kwa neno moja moja, mwili hupaza sauti kuliko wimbo wowote. Watafiti waliopima jambo hili mara nyingi wamekuta hali hiyohiyo: kwenye kasi ya chini na ya wastani muziki hupunguza jinsi mtu anavyoyahisi machovu, na kasi inapopita kiwango ambacho mapafu hayatoshelezi tena, nafuu hiyo hupungua sana au hutoweka, hata kama mkimbiaji bado anaufurahia wimbo.

Sasa tazama zile kilomita 10 zako za mwisho. Mkimbiaji wa mara ya kwanza haangushwi hapo na pumzi, maana mwendo wake kwa wakati huo ni wa polepole. Kinachomwangusha ni kwamba sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini imekaribia kwisha, na nyuzi za misuli ya mapaja zimepigwa na lami mara makumi ya maelfu. Muziki hauleti sukari. Unachoweza kufanya ni kukutengeneza moyo, na sidharau hilo hata kidogo, ila ni lazima ujue umenunua nini. Aliyekunywa maji yenye sukari kwa utaratibu tangu mapema na hana wimbo hata mmoja atampita aliyepanga nyimbo 60 akasahau kunywa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kilomita 5 za mwanzo. Watu wamejaa, damu inachemka, miguu imepumzika kwa wiki nzima, kisha masikioni unaingia wimbo wa kasi ambao mazoezini huusikiliza wakati wa kumalizia. Mguu hufuata ngoma bila kuomba ruhusa. Mimi mwenyewe niliwahi kupita alama ya kilomita ya 3 nikiwa sekunde 25 mbele ya mwendo wangu kwa kila kilomita, nikijiona shujaa, na nikayalipa yote kwa riba baada ya kilomita ya 30, nikitembea huku wimbo uleule ukirudia kuimba kwa furaha isiyonihusu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na laiti ningekuwa naisikia pumzi yangu siku ile, ingeniambia mapema.

Hapa wenzako wanaozungumzia pumzi wana hoja. Mwaka 1977 watafiti Morgan na Pollock waliwachunguza wakimbiaji wa marathoni na kuona kwamba wale wa daraja la juu walikuwa wakiufuatilia mwili wao karibu muda wote, yaani pumzi, miguu, mabega yanayokaza, ilhali wakimbiaji wa kawaida walijitahidi kufikiria mambo mengine ili wasiyahisi maumivu. Isisomwe kwamba anayejisahaulisha si mkimbiaji. Ni kwamba anayetaka muda mzuri anahitaji taarifa, na vipokea sauti huzifunga kwa pande zote mbili: za ndani ya mwili na za barabarani.

Hizo za barabarani nilizijua vizuri zaidi siku niliyojitolea kusimama kwenye kituo cha maji. Gari la wagonjwa lilikuwa linapanda mlima nyuma ya kundi la wakimbiaji, likimfuata mtu aliyezimia mbele. Tulipopiga kelele, kundi liligawanyika pande mbili kama maji, isipokuwa watu watatu waliobaki katikati ya barabara, wametulia, kila mmoja na waya au kitufe sikioni. Dereva alipunguza mwendo hadi wa kutembea. Mmoja wetu ilimbidi akimbie akamshike wa nyuma bega, naye akashtuka nusura aanguke. Hawakuwa watu wabaya, ila hawakuwa pale.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu: vitie mfukoni. Ikiwa barabara imefungwa kabisa na waandaaji wanakuachia uamue, kimbia hadi kilomita ya 28 au 30 ukiwa na masikio wazi, uujue mwendo wako na uwasikie watu walio kando ya njia. Ukifika pale pagumu, vaa upande mmoja tu, sauti iwe ya kiasi ambacho unasikia nyayo za mtu anayekuja nyuma yako, na nyimbo ziwe chache, zile zinazokugusa kweli. Wimbo uliosubiriwa kwa saa tatu hufanya kazi kubwa kuliko wimbo wa hamsini katika mfululizo. Na chaji ikiisha, utakuwa umekwisha kuthibitisha kwamba unaweza kukimbia bila hiyo.

SWALI: Mwalimu, mimi ninawafundisha vijana wa mbio za mita 5,000 na 10,000. Mmoja wao ameniuliza kama kusikiliza muziki ni udanganyifu sawa na dawa zilizokatazwa, kwa kuwa alisoma kwamba unaongeza kasi. Nilikosa jibu. Nimwambieje?

JIBU: Mwambie kwamba amesoma kitu cha kweli akakipeleka mbali mno. Kwamba muziki unaongeza kasi si habari mpya. Mwaka 1911 mtafiti Leonard Ayres aliandika kuhusu mashindano ya baiskeli ya siku 6 mjini New York, ambako bendi ilikuwa ikipiga kwa vipindi. Bendi ilipopiga, waendeshaji walikwenda kwa wastani wa kilomita 31.5 kwa saa, na iliponyamaza wakashuka hadi 28.8. Mwaka 1998, mjini Birmingham, Uingereza, mkimbiaji wa Ethiopia Haile Gebrselassie alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi huku spika za ukumbi zikipiga wimbo aliouomba mwenyewe kwa sababu mdundo wake ulilingana na hatua zake.

Huo ulinganifu wa mdundo na hatua ndio wenye nguvu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waendesha baiskeli waliokanyaga pedali kwa kufuata mdundo walitumia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 7 kuliko walipokanyaga mdundo ukiwa wa polepole kidogo kuliko miguu yao. Mwendo wa kujirudia ukilingana na ngoma hupunguza nguvu inayopotea bure, jambo ambalo waliotwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja, au waliovuta nyavu wakiimba, hawakuhitaji kuambiwa na maabara. Hata hivyo, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 139, ulihitimisha kwamba muziki unasaidia kweli katika hali ya moyo, katika utendaji, katika kuhisi machovu na katika matumizi ya oksijeni, ila kwa kiwango kidogo, na kwamba mapigo ya moyo hayashuki. Dawa zinazoongeza damu haziko katika daraja hilo, wala haziishi athari zake mtu anapozima kitufe.

Kwa nini basi muziki ukatazwe uwanjani? Kwa maoni yangu, sababu nzito ni kifaa chenyewe kuliko wimbo. Kinachoweza kuleta muziki kinaweza pia kuleta sauti ya kocha inayosema "mwenzako amechoka, ondoka sasa", au mlio unaohesabu mwendo, na mwamuzi aliye kando ya njia hana namna ya kutofautisha. Spika za ukumbini alizozitumia Gebrselassie zilisikika kwa kila aliyekuwa kwenye mstari, na bendi inayopiga kando ya barabara humpa kila anayepita kiasi kilekile. Kijana wako asilalamike: anao muda wote wa kupasha mwili joto nje ya eneo la mashindano, na hapo wimbo unaomtuliza au unaompandisha ari ni halali yake hadi atakapokabidhi vitu vyake.

SWALI: Nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu jambo hili na nimeamua kuacha. Tatizo ni kwamba nikikimbia kimya dakika 20 tu huonekana saa nzima. Nifanyeje?

JIBU: Usiache kwa siku moja, ndugu yangu. Anza na zoezi moja kwa wiki, lile fupi, na katika ule mkimbio mrefu wa mwisho wa wiki weka kimya nusu ya kwanza, muziki nusu ya pili, kisha usogeze mpaka taratibu. Kimya kinahitaji kazi ya kufanya. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini kwa dakika moja. Wengi wataona kati ya 80 na 90, na ukiujua mdundo wako huo utaugundua unapoharibika kabla hujahisi uchovu. Sikiliza nyayo: zikianza kupiga kwa kishindo, umechoka kiunoni. Wimbo nao hakuna aliyekukataza kuubeba kichwani. Mimi huchukua mstari mmoja nikaurudia kwa kufuata hatua hadi ukaacha kuwa maneno, na hakuna mwamuzi aliyewahi kunigusa bega kwa hilo.

Kwa siku utakazoendelea kuvivaa, angalia sauti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hadi saa 40 kwa wiki bila madhara, na muda huo hupungua haraka sana sauti inapopanda. Kwenye barabara yenye magari watu hupandisha sauti bila kujua. Ukirudi nyumbani, kabla hujazima, sikiliza sekunde chache ukiwa umesimama chumbani: ikikushtua, hiyo ndiyo sauti uliyokuwa nayo muda wote.