Paka Yule Yule, Silabi Moja Mpya: Kuendeleza Mfululizo wa Vitabu vya Picha

Mwandishi aliyekwisha kutoa vitabu viwili vitatu vya picha kwa watoto wanaoanza kusoma, na watoto wakavipenda, kwa kawaida hujiuliza kitabu kinachofuata kilete jambo gani jipya. Kwa uzoefu wangu wa kuandika vitabu vya aina hii na kuvisoma pamoja na watoto wa Gredi ya Kwanza na ya Pili hapa Amu (Lamu), ningemshauri aanze na swali la kinyume chake: kipi kibaki kama kilivyo? Mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi moja baada ya nyingine hawezi kukabili mhusika mgeni, mahali pageni, maneno mageni na umbo geni la sentensi kwa pamoja. Akimkuta Lulu, paka wa mfululizo wangu, yule yule mwenye sikio moja jeusi, akalikuta gati lile lile, na sentensi zikaanza kama zilivyoanza katika kitabu alichokwisha kukizoea, atakuwa na nguvu ya kutosha kwa jambo lile moja ambalo bado hajalijua.

Jambo hilo moja ndilo linalotaka kupangwa kwa makini, na hapa sikubaliani na mazoea ya kupima ugumu wa kitabu kwa kuhesabu maneno tu. Hesabu hiyo hudanganya katika lugha yetu. «Lulu analala» ni maneno mawili, na «Alipomfuata alianguka» ni maneno mawili pia, ilhali hilo neno «alipomfuata» peke yake lina silabi saba, tena limebeba mtenda, mtendwa, wakati uliopita na dokezo la lini tendo lilitokea. Kwa hiyo ngazi ya mfululizo wangu imejengwa juu ya viambishi na silabi. Vitabu vya mwanzo hutumia wakati uliopo pekee, pamoja na silabi za konsonanti moja na irabu moja. Baadaye huja wakati uliopita, kisha ukanushi, ambao huwatatiza watoto kuliko tunavyodhani kwa sababu «aliona» na «hakuona» hazifanani hata mwanzo wake. Kiambishi cha mtendwa hufuata, na vile vya «-po-» na «-ki-» hukawia sana. Silabi nzito kama zile za mbwa, kunywa na ng'ombe nazipa vitabu vyake, wala sizichanganyi na kiambishi kipya katika kitabu kimoja.

Ngazi ikishapangwa, visa huja kwa wepesi zaidi, kwa kuwa unajua kila kisa kinatakiwa kufanya kazi gani. Nitoe mfano ninaoupenda. Nilihitaji kitabu cha kumwonyesha mtoto tofauti ya «-na-» na «-me-», jambo ambalo ukilieleza kwa maneno utamchosha bure. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila mtoto wa mjini ameshaketi ufukoni akatazama. Basi Lulu amelala kwenye ngazi ya chini kabisa ya gati. «Maji yanajaa.» Ukurasa unaofuata, ngazi moja imezama na Lulu amepanda juu kidogo: «Maji yanajaa.» Inaendelea hivyo hadi gati lote limezungukwa na maji na paka hana pa kwenda isipokuwa ndani ya mashua: «Maji yamejaa.» Silabi moja imebadilika na picha imeeleza kwa nini. Mtoto aliyekuwa akiikariri sentensi bila kuitazama hukwama hapo, akarudi kuyaangalia maandishi, na kukwama huko ndiko nilikokutaka. Kitenzi «kupwa» nimekiahirisha kwa makusudi, kwa sababu «ku» yake hung'ang'ania hata ndani ya «yanakupwa» na itamchanganya. Mchoraji alinung'unika kwamba amechoka kuchora ngazi zile zile. Nilimsihi avumilie, kwani kufanana kwa picha ndiko kunakomfanya mtoto aone kilichobadilika.

Njia nyingine yenye faida kubwa ni kukirudia kisa cha zamani kwa jicho la mhusika wa pembeni. Tuseme katika kitabu cha kwanza Lulu aliiba samaki kutoka kwenye kikapu kilichokuwa mgongoni mwa punda, na mwenye samaki akazunguka vichochoro vyote akiuliza, «Samaki yuko wapi?» Vichochoro vya Amu ni vyembamba, gari halipiti, na punda ndiye abebaye mchanga, mawe ya kujengea na mizigo ya dukani, kwa hiyo hakuna mtoto wa kuelezwa punda anafanya nini pale. Katika kitabu cha baadaye, punda huyo anakuwa mhusika mkuu, nasi tunagundua kwamba aliona kila kitu tangu mwanzo. Maneno karibu yote ni yale yale, mzaha umo ndani ya picha, na mtoto husoma kwa kasi ambayo hajawahi kuisoma kwa sababu anajua jambo ambalo mwenye samaki halijui. Marudio ambayo yangemchosha katika kitabu kimoja humfurahisha yakigawanywa katika viwili.

Safari nazo hutoa visa vingi. Kijiji cha Matondoni kina mafundi wa majahazi, na humo mna maneno mafupi mazuri kama tezo, mbao, tanga na fundi. Shela ina vilima vya mchanga. Magofu ya Takwa, kule kisiwani Manda, hufikiwa kwa mashua kupitia mkono wa bahari ulio katikati ya mikoko, tena wakati maji yamejaa, na hilo peke yake ni kisa: Lulu akichelewa kurudi, mashua itakwama kwenye matope. Pepo za kusi na kaskazi zinaweza kutoa kitabu kimoja kila msimu. Kuhusu sikukuu nina tahadhari, kwa sababu vitabu vya Idi na vya Maulidi huelekea kugeuka mawaidha ya kumfurahisha mzazi anayenunua, na mtoto hulinusa jambo hilo mapema. Mashindano ya punda ya siku za Maulidi, hata hivyo, yana mbio, yana kuanguka na yana mshindi, kwa hiyo hayahitaji mawaidha.

Watoto wengi wa hapa huanza chuoni, yaani madrasani, wakazizoea herufi za Kiarabu zinazosomwa kutoka kulia, kabla hawajashika kitabu cha shule. Kwa sababu hiyo, katika mfululizo mzima mhusika wetu huelekea kulia mwa ukurasa kila anapokwenda, na hugeuka kushoto pale tu anaporudi nyumbani. Nyumbani pia watazungumza Kiamu, lahaja ya hapa, waseme «mato» pale kitabu kinaposema «macho». Katika vitabu vya mwanzo nimechagua maneno yasiyotofautiana, kama vile paka, mama na samaki, ili mtoto asidhani amekosea kusoma ilhali amesoma sawasawa.

Kabla ya kulipia picha, nakunja karatasi za kawaida, nazibana kwa pini, nachora vijitu vya mistari na kukaa barazani na watoto. Nikimwona mtoto anaimaliza sentensi huku macho yake yako kwenye picha, nafunika picha kwa kiganja. Akishindwa kusoma, picha imesema mengi mno, na huwa naihamishia habari hiyo ukurasa unaofuata. Kurasa zenyewe nazihesabu kwa 8 au 16, kwa kuwa kiwandani karatasi kubwa hukunjwa kwa hesabu hizo na kurasa za ziada huongeza gharama bila faida. Kwa anayeanza, 16 zatosha.

Mwandishi anayetaka vitabu vyake viingie madarasani ajue kwamba Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya hukagua kila kitabu kabla ya kukiidhinisha, kwa hiyo picha ya Lulu aliyechorwa kwa mbele, kwa upande na kwa nyuma, pamoja na rangi zake, iwekwe mahali pamoja tangu mwanzo; paka anayebadilisha sikio jeusi kati ya kitabu cha pili na cha tatu ataonwa na watoto kabla ya mkaguzi. Vilevile, usimkabidhi mchoraji kitabu cha tano kabla ya kuandika, hata kwa penseli, miswada ya cha sita na cha saba, kwa kuwa hapo ndipo utakapojua ni kaa yupi achorwe chini ya ngazi leo ili kesho apewe kitabu chake.