Mechi zako zimejificha wapi?

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nina mechi zangu elfu mbili za sataranji kwenye kompyuta, nianzie wapi?" Swali hilo limenigusa penye kidonda.

Mwaka jana nilifungwa mechi ya mwisho ya mashindano nikicheza na kete nyeusi, kwenye tawi la Panov la Caro-Kann, ufunguzi ambao nyeusi anajibu e4 kwa c6 (pawni kwenye mraba wa c6). Mwanaklabu mwenzangu akasema mbele za watu kwamba sijui hata kufungua mchezo. Bado yananiuma maneno yale. Usiku huohuo nikafungua Scid, programu ya bure, nikaingiza faili langu lote la PGN, yaani muundo wa maandishi wa kuhifadhi mechi, nikafuta mechi zilizojirudia, kisha nikaiacha iweke misimbo ya ECO, yaani herufi na tarakimu mbili zinazotambulisha kila ufunguzi. Misimbo hiyo iko 500, A00 hadi E99, na Caro-Kann imekaa B10 hadi B19.

Daftarini mwangu, nilikozipanga kwa hatua ya kwanza, mechi za Panov zilikuwa 9. Scid ikaniletea 31! Zile nyingine nilikuwa nimeziandika chini ya Ufunguzi wa Kiingereza, ule wa nyeupe kuanza na c4. Mpinzani anaanza c4, nami c6. Yeye e4, nami d5. Tunalana pawni pale d5, anasukuma d4. Hiyo ni Panov tayari, B13, ingawa hakuna aliyeanza na e4. Programu haijali mlipitia njia gani, inatazama kete zimekaaje ubaoni. Kati ya hizo 31 nilifungwa 19, na nyingi kwa kosa lilelile: nawinda pawni yake ya d4 iliyobaki bila pawni jirani huku mfalme wangu bado yuko katikati.

Kwa hiyo ndugu yangu, panga. Usiishie kwenye herufi, maana B peke yake imebeba pia ufunguzi wa Sisilia wote, B20 hadi B99. Nenda mpaka tarakimu ya mwisho. Ukipenda kuandika amri, programu ya pgn-extract ya David Barnes ina amri ya -E3, kila msimbo unapata faili lake. Halafu zisome, hasa ulizofungwa. Vijana, mnakariri hatua 20 za Najdorf, tawi la Sisilia, na mechi zenu wenyewe hamjazifungua! Zipangeni, zisomeni.

Mwezi uliopita yule aliyenifunga akanianzia c4 tena. Nikajibu c6, na safari hii nikamficha mfalme kwanza. Hatua ya 41 akaninyooshea mkono, kakubali kufungwa.