Si kila moto huwashwa: maneno ya Kiingereza ya kutia moto na pa kuyatumia

Ndugu uliyeuliza, sentensi yako ilikuwa hii: "His remarks inflamed the crowd and three acres of cane were torched." Ukaitafsiri "Maneno yake yaliwasha umati na ekari tatu za miwa zikawashwa", mwalimu akakukata alama, na sasa unauliza kosa liko wapi ilhali kamusi yako inasema yote ni kuwasha moto. Kamusi haijakudanganya. Imekupa neno moja kwa kazi kumi, basi.

Tuanzie jikoni, kwa sababu maneno haya mengi yalitoka huko. Chukua jiko la makaa lenye kigae cha udongo ndani, kama yale ya soko la Kibuye, Kisumu. Unafungua kilango cha majivu ili hewa ipite chini, unakunja karatasi, unapanga juu yake vijiti vikavu vya unene wa kidole, kisha makaa viganja viwili. Unapiga kiberiti na kugusisha karatasi: hapo Kiingereza ni "light". Vijiti vikishika moto, ni "catch". Ile kazi nzima ya kukoka moto, kuulea kutoka kwenye kijiti mpaka ukae, ni "kindle", na ndiyo maana vijiti vyenyewe huitwa "kindling". Kupepea kwa kifuniko cha sufuria ni "fan". Kuongeza makaa na kuyachokoa yapate hewa ni "stoke". Makaa yakiwa mekundu bila ndimi za moto ni "glow", na moto ukijifia kwa kukosa makaa ni "burn out".

Angalia sasa: katika hatua zote hizo hakuna aliyesema "set fire to". Hii ndiyo tofauti ya kwanza ambayo wanafunzi wengi huikosa. "Light" ni ya kitu ambacho kazi yake ni kuwaka: mshumaa, jiko, taa ya koroboi, sigara. "Set fire to" au "set on fire" ni ya kitu ambacho hakikupaswa kuwaka: nyumba, duka, shamba, gari. Ukiandika "he lit the house", Mwingereza anaelewa kwamba mtu aliweka taa ndani ikapata mwanga. Kiswahili nacho kina mpaka huohuo. Mshumaa tunauwasha, nyumba tunaichoma au kuitia moto. Ukisema "amewasha nyumba", msikilizaji anatafuta swichi.

"Torch" ni kuchoma kwa makusudi, tena mara nyingi kwa hasira au hila. Ni neno la magazeti na la mazungumzo, si la hati ya mashtaka. Kwenye hati utakuta "arson", nalo ni nomino: mtu "commits arson", hawezi "to arson" kitu, ingawa kosa hilo naliona kwenye insha kila muhula. Sheria ya jinai ya Kenya, kifungu cha 332, inataka mambo mawili yathibitishwe: kwamba jengo lilitiwa moto kwa makusudi, na kwamba ilikuwa kinyume cha sheria. Adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Mimea iliyo shambani ina kifungu chake, cha 334. Kwa hiyo "torched" katika sentensi yako si moto tu. Limebeba mtu na nia yake.

Hapa ndipo "burn" inapowaponza watu, hasa huku kwetu kwenye miwa, kuanzia Chemelil na Muhoroni hadi Mumias. "The cane burnt" na "the cane was burnt" zinatofautiana kwa kineno kimoja, na hata hiyo ya pili haikwambii kama kuna aliyefanya, au ni cheche tu iliyorushwa na upepo. Kiswahili ni kikali zaidi: miwa iliungua, au miwa ilichomwa. Mkulima akifika kwenye mizani ya kiwanda na karatasi inayosema "imechomwa", ataulizwa nani alichoma na kwa ruhusa ya nani. Ikisema "imeungua", swali ni lini, kwa sababu muwa ulioungua huanza kupoteza sukari upesi na lazima usagwe mapema. Unapotafsiri "burnt" usikimbilie lolote kati ya hayo mawili. Rudi kwenye habari yenyewe, tafuta mtendaji. Ukimkosa, andika "iliungua" na usimbebeshe mtu kosa ambalo maandishi asilia hayakumbebesha.

Kwa ajali neno salama ni "caught fire", yaani kushika moto. Lori la petroli lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, lilishika moto watu wakiwa wanachota mafuta, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ukiandika "lilichomwa" umeshatoa hukumu.

Na kwa kuwa nimetaja malori hayo, kuna neno moja lililoandikwa kwenye matangi ambalo ni hatari kulielewa vibaya. "Inflammable" maana yake ni kinachoshika moto kwa urahisi. Ile "in" ya mwanzo haikanushi. Inatoka kwenye Kilatini "inflammare", kuwasha. "Flammable" ni neno lilelile kwa maana, na siku hizi ndilo linalopendelewa kwenye lebo kwa sababu watu walikuwa wakidhani lile la kwanza ni kinyume chake. Kinyume halisi ni "non-flammable". Tafsiri yote mawili "hushika moto upesi" na usiweke "si" popote.

"Ignite" ni la fundi na la maabara: plagi hutoa cheche, petroli ndani ya injini "ignites". Kwa jiko la nyumbani linasikika kama mtu aliyevaa suti kwenda kuchota maji. Matofali na vyungu havina "light" wala "set fire to". Unavichoma ili vikomae, na Kiingereza cha wafinyanzi ni "fire". Ukiungua kwa maji moto au uji ni "scald", wala si "burn" tu, na fomu za hospitali mara nyingi huyatenganisha mawili hayo. Nyumba "burns down", karatasi "burns up". Hizo "down" na "up" hazitafsiriwi kamwe. Ni kuteketea.

Sasa maana za mafumbo, ambako alama zako nyingi zilipotea. Fuata mpangilio wa jiko uleule. "Spark" ni cheche, kwa hiyo hutumika kwa kilichoanzisha: uamuzi ulizua maandamano. "Kindle" ni pole na mara nyingi ni jema: hamu, tumaini, upendo. "Fuel" na "stoke" zinataka moto uwe upo tayari. Bei ya unga haiwezi "fuel" ghadhabu ambayo haikuwapo. Hapo Kiswahili ni kuchochea, maana mchochezi wa asili ni yule anayesukuma kuni ndani ya mafiga ambayo tayari yana moto. "Inflame" iko mbele zaidi, na hapa ndipo penye siri: mtendwa wake huwa ni hisia, hali, au watu walio tayari kupandwa na hasira, na kinachotokea ni kuzidi, si kuanza. Ni kukoleza. Hospitalini "inflamed" ni kiungo kilichovimba, kikawa chekundu na chenye joto. Usiandike "koo lake linawaka moto" kwenye ripoti ya daktari.

"Incite" si neno la moto kabisa kwa asili yake, lakini tunalitafsiri kwa kuchochea kama tufanyavyo kwa "fuel", na ndiyo inayotuchanganya. Mara nyingi linataka mtu na kitendo: "incite the youth to violence". Usiseme "he incited that they burn". Katiba ya 2010, ibara ya 33, inapoweka mipaka ya uhuru wa kujieleza, neno ni hili, uchochezi wa vurugu.

Turudi kwenye sentensi yako. "Inflamed the crowd": watu tayari walikuwa na kinyongo, maneno yakakizidisha. "Torched": kuna aliyefanya kwa makusudi, ila hatajwi, kwa hiyo tumia kauli ya kutendwa. Mimi ningeandika: "Maneno yake yalizidi kuwapandisha hasira waliokusanyika, na ekari tatu za miwa zikatiwa moto."