Barua kwa Mwanangu: Kesi ya Mzee Polepole

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mjukuu wangu amewapenda Watuli, wale poni, yaani farasi wadogo, tuliowabuni wewe, dada yako na mimi enzi za kuwakata kwenye maboksi. Unauliza kama mila zao ziliruhusu Mtuli aliyezeeka auzwe, kwa kuwa binti yako amekubana na hutaki kumjibu kwa kubahatisha. Afadhali nianze na jinsi Mtuli alivyopatikana, maana bila hilo habari ya kuuza haina kichwa wala miguu.

Mtuli aliombwa. Mgeni alimjia kwa ubavuni, akasimama usawa wa bega, akanyoosha kiganja kitupu na kungoja. Mila hiyo niliitoa kwa farasi wa kweli, ambaye macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia, na anayemjia kutoka huko humshtua mpaka akapigwa teke bila ubaya wowote. Mtuli akinusa kiganja na kuinamisha kichwa, amekubali. Akilaza masikio nyuma, mgeni hurudi kwao na poni halaumiwi. Niliwaambia wakati ule, na sijabadilika, kwamba mnyama mpole ni mnyama aliyesikilizwa.

Mila ya pili, kwamba Mtuli hapelekwi pasipo jua, ilitokana na poni wa Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, ambao kimo chao hakizidi sentimita 107. Sheria ya mwaka 1842 ya Uingereza ilipowakataza wanawake wote na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi migodini, poni hao walizidi kuteremshwa huko kukokota makaa ya mawe, kwa kuwa udogo wao uliwafaa wenye migodi. Niliposoma habari hiyo nilikosa raha, nikaamua kwamba Watuli wetu hawataonja giza hilo.

Sasa kesi yenyewe, ambayo najua ndiyo unayoizunguka. Dada yako alimuuza Mzee Polepole, yule mwenye sikio la kubandikwa kwa gundi, kwa binamu yenu, akalipwa noti za kuchora kwa penseli ya rangi, nia yake ikiwa kununua farasi wa mbio. Hukulia. Ulimwendea binamu yako, ukamwamuru anyooshe kiganja, ukamsogeza poni taratibu, kisha ukamgeuza shingo hadi boksi likapata mkunjo, ukatangaza: “Amekataa.” Dada yako akasema boksi halina pua. Ukamjibu: “Basi na hizo noti zako si pesa.” Hadi leo nikikumbuka hucheka peke yangu. Mkanigeukia nyote wawili mkitaka hukumu, nami nikasema nitaitoa kesho.

Usidhani ni jambo jepesi. Dada yako ndiye aliyemkata Mzee Polepole, akambandika sikio, akamlaza kila jioni kwenye zizi la kopo. Nani mwenye haki kumpita yeye? Lakini kama Mtuli hupatikana kwa kuombwa, basi kumtunza hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali, na huwezi kuuza usichokimiliki. Hapo ningekupa ushindi mara moja, isipokuwa mkono uliomgeuza shingo ulikuwa wako. Nilisema mnyama mpole ni mnyama aliyesikilizwa, na bado nasema. Taabu ni kwamba siku ile mliosikika ni ninyi wawili, na kila mmoja aliapa kwamba anamsemea poni. Hata kwenye mazizi ya kweli ugomvi ni huohuo: mwenye hatamu husema farasi wake anapenda safari, na farasi hana pa kukanusha ila masikio yake.

Kwa hiyo mwambie binti yako kwamba mila inamtaka mnunuzi anyooshe kiganja kama mgeni mwingine yeyote, awe poni kijana au mzee. Kuhusu nani aliye na haki ya kumgeuza poni shingo, hakimu bado anatafakari. Ningeweza kukudokezea ninakoelemea, na kalamu inaniwasha kweli, lakini dada yako naye ataiomba barua hii aisome.

Baba yako