Maswali na majibu: Nani anazisukuma nchi kupunguza hewa ukaa?

Viongozi wanakutana kila mwaka, wanaahidi, wanarudi makwao. Kuna nchi inayofanya jambo kwa kujali kweli? (Msomaji, Mwanza)

Wanaojali wapo. Ila serikali hufungua mkoba zaidi inapohofia kunyang'anywa ajira na soko. Tazama sheria aliyoisaini Rais Biden wa Marekani Agosti 2022, iliyotenga karibu dola bilioni 370 kwa nishati safi na tabianchi. Mnunuzi wa gari la umeme aliwekewa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500, mradi gari liwe limeunganishwa Amerika Kaskazini, na baadaye betri nayo isitegemee China. Hayo ni masharti ya mtu anayelinda viwanda vyake. Ulaya nayo, kwa kuhofia viwanda vyake visihamie huko, ikapitisha sheria yake mwaka 2024.

China ndiyo inayoongoza kwa kuchafua hewa. Mbona mnaisifu? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli inaongoza. Zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yanayochomwa duniani huchomwa huko. Lakini kwenye sola imefanya kazi ambayo ahadi za mikutano hazikuifanya. Ujerumani ilitangulia: sheria yake ya mwaka 2000 ilimhakikishia bei nzuri kila aliyeuza umeme wa jua kwenye gridi. Soko likapanuka, China ikajenga viwanda vikubwa mno, na mwaka 2012 Q-Cells ya Ujerumani, iliyowahi kuongoza duniani kwa kutengeneza seli za sola, ikafilisika. Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90. Wafanyakazi wa Ujerumani waliumia, na si jambo la kupuuza. Lakini geuza paneli pale Kariakoo, usome lebo ya nyuma: wati, volti, na mara nyingi jina la China. Bila vita ile ya viwanda, fundi wa Kigoma asingeinunua kwa bei ya leo.

Kobalti, madini ya betri, inatoka kwetu, betri zinatengenezwa kwingine. Sisi ni wachezaji au mpira? (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa sasa mpira, ingawa Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje ili kuinua bei, kisha kuanzia Oktoba ikaweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje. Ni hatua ya mwenye mali. Inayofuata, na ngumu zaidi, ni viwanda na umeme wa kuviendesha.

Basi tuwaache washindane, mambo yatajipa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, ndugu yangu. Kwanza, siasa hugeuka: ile nafuu ya dola 7,500 ilikoma Septemba 30, 2025. Pili, ushindani hukimbilia penye faida. Ukuta wa bahari wa Barabara ya Barack Obama, hapo kwenu, ulijengwa kwa fedha za mfuko wa kimataifa wa tabianchi. Hakuna kampuni iliyogombea kuugharamia. Mkulima wa Dodoma anayekosa mvua naye hana soko la kugombewa. Fedha za kumlinda inabidi tuzidai kwa nchi zilizochafua hewa kwa miaka mingi, tena kwa sauti.