Mume mlaghai: usimfichue mapema

Dada, umeuliza utafanyaje msomaji wa hadithi yako amwamini mume ambaye baadaye atageuka mlaghai. Mpe wema wa kweli kwanza: aamke usiku kumpa mkewe dawa, amkumbuke hadi shangazi wa mkewe. Kisha aanze na vidogo. Ufunguo unahama mahali pake, naye anasema kwa upole, “Umesahau tena, mpenzi.” Upole huo ndio sumu yenyewe.

Patrick Hamilton, katika tamthilia yake Gas Light ya 1938, alitumia taa za gesi: mume akiwasha taa kwa siri ghorofa ya juu, za chini zinafifia. Kufifia huko ndiko kunakomuumbua. Nawe tafuta taa yako: dalili ndogo itakayomfichua.

Na pale katika rasimu yako mume anapocheka peke yake gizani kama jini wa sinema, mimi ningepafuta.