Aptama hubuniwa, hutengenezwa au huteuliwa?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Natafsiri makala ya afya kwa jarida la Kiswahili, na nimekwama kwenye sentensi hii: "Wanasayansi wamebuni aptama, yaani vinasaba bandia vinavyonata kwenye protini za ugonjwa kama kingamwili." Mhariri amefuta "wamebuni" akaweka "wametengeneza". Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Hakuna aliyepatia, ingawa mhariri wako yuko karibu kidogo. Na kwa kuwa umeniletea sentensi nzima, nitaigusa nzima, maana kitenzi si tatizo lake pekee.

Aptama ni kipande kifupi cha DNA au RNA ambacho hujikunja kikapata umbo la kushikana na molekuli moja mahususi. Sasa, kitenzi "buni" kina akili ya mtu ndani yake. Hadithi ya kubuni imetoka kichwani mwa mtunzi. Aliyebuni mbinu aliiwaza kwanza, ndipo akaijaribu. Aptama hazipatikani hivyo. Hakuna anayekaa mezani akawaza ni mpangilio upi wa herufi nne za DNA utakaoshika protini fulani. Maabara huanza na mchanganyiko wa mipangilio ya nasibu, ambao unaweza kufika trilioni 100 au zaidi, ikaukutanisha na shabaha, yaani molekuli inayotakiwa kushikwa. Vipande vilivyoshika hubaki, visivyoshika huoshwa. Vilivyobaki huzidishwa kwa PCR, njia ileile tuliyoizoea kwenye vipimo vya UVIKO-19, kisha mzunguko huanza upya na masharti hukazwa. Baada ya mizunguko kadhaa, mara nyingi kama 10 hivi, mchanganyiko uliokuwa na kila aina ya mpangilio huwa umebaki na jamii chache zinazoshika kwelikweli. Njia hiyo huitwa SELEX.

Mwaka 1990 makundi mawili ya Marekani yalionyesha jambo hili, kila moja kivyake. Craig Tuerk na Larry Gold, huko Colorado, walichukua RNA inayoshikwa na kimeng'enya cha T4, kirusi kinachoshambulia bakteria, wakaziachia nafasi 8 zake zipangike kwa nasibu. Nafasi 8 zenye herufi 4 hutoa mipangilio 65,536. Mwishoni walisalia washindi wawili. Mmoja ulikuwa mpangilio wa asili wa kirusi chenyewe. Wa pili ulitofautiana na ule wa asili katika nafasi 4, na bado ulishika kwa nguvu ileile. Nani aliubuni huo wa pili? Hakuna. Ulikuwamo ndani ya mchanganyiko, wakautoa. Huko Boston, Andrew Ellington na Jack Szostak, waliozipa aptama jina lake, walikadiria kwamba katika RNA za nasibu, takriban moja kati ya bilioni 10 hujikunja kwa namna inayoweza kushika molekuli ndogo waliyoilenga. Kazi ya kumpata mmoja kati ya bilioni 10 kwa kumpa mtihani na kuwaondoa wanaoshindwa ina kitenzi chake kwetu, nacho ni "kuteua".

Najua wapo watakaosema wanaoteuliwa ni mawaziri na wakurugenzi. Lakini kuteua ni kuchagua kilicho bora kati ya vingi, na neno hilo limo tayari katika "uteuzi asilia", ambao kimantiki ni ndugu wa SELEX: tofauti nyingi, kigezo kimoja, na waliofaulu ndio wanaoongezeka. Niliwahi kufikiria pia "kuchuja", na lina haki fulani, kwa sababu Tuerk na Gold walitumia vichujio halisi kutenganisha RNA zilizoshika na zisizoshika. Ila kuchuja huishia kwenye kutenganisha. Hakusemi lolote kuhusu kuzidisha walioshinda, na bila kuzidisha hakuna SELEX.

Kuna "kuvumbua" pia, na hapa naomba usikilize mzizi. Kuvumbika ni kufukia kitu ndani ya mchanga au majivu. Kuvumbua ni kukifukua. Basi ukitaka kueleza tukio la 1990, sema SELEX ilivumbuliwa. Ukieleza aptama moja moja, sema imeteuliwa.

"Kutengeneza" kwa mhariri wako kuna mahali pake, ila ni baadaye. Mpangilio ukishajulikana, aptama hutengenezwa kwa kemia, nukleotidi (zile herufi zake) moja baada ya nyingine, bila mnyama wala seli. Na katikati ya kuteua na kutengeneza kuna "kurekebisha", hatua ambayo waandishi wengi huiruka ilhali ndiyo huamua kama aptama itakuwa dawa. RNA tupu haidumu ndani ya mwili. Vimeng'enya huikatakata mapema na figo huitoa. Pegaptanib, aptama ya kwanza kuidhinishwa kuwa dawa, Marekani, Desemba 2004, ilibadilishwa sukari zake ili isikatwe, ikaongezewa minyororo ya polietilini glikoli ili isitoweke upesi. Ilikuwa ikidungwa ndani ya jicho, kwa ugonjwa wa retina unaowapofusha wazee pale mishipa mipya ya damu inapoota na kuvuja. Mwaka 2023 ilifuata nyingine ya jicho, avacincaptad pegol.

Sasa "vinasaba". Hapa ndipo ninapokuomba uwe mkali zaidi. Tumezoea kusema "kipimo cha vinasaba" tukimaanisha DNA, na katika kutambua ukoo hakuna ubaya, kwani nasaba ndiyo inayotafutwa. Lakini aptama haibebi nasaba ya mtu, hairithishwi, wala kazi yake si kutoa maagizo ya kuunda protini. Kazi yake yote iko kwenye umbo. Ukimwambia mgonjwa kwamba anadungwa "vinasaba bandia" machoni, ataelewa kuwa urithi wake unachezewa, na hofu hiyo utakuwa umeizua wewe mfasiri. Andika "kipande kifupi cha DNA au RNA", au "asidi nukleiki" pale wasomaji wako ni watu wa maabara.

"Kama kingamwili" inavumilika ikiwa unalinganisha kazi: zote mbili hutambua shabaha na kuishika. Usiandike "aina ya kingamwili", maana kingamwili ni protini inayotokana na kinga ya mwili, na aptama haitoki huko.

"Kunata" nako hakufai. Kinachonata, kama utomvu wa fenesi, hushika chochote. Sifa ya aptama ni kubagua. Iko aptama ya RNA inayoshika theofilini, dawa ya pumu, mara zaidi ya 10,000 kuliko inavyoshika kafeini, na molekuli hizo mbili zinatofautiana kwa kikundi kimoja tu cha methili. Sema "kushikana na" unapoeleza kemia, na "kunasa" unapoeleza vipimo: aptama ya kunasa sumukuvu kwenye mahindi, kwa mfano, jambo ambalo maabara zimekuwa zikilifanyia kazi na ambalo wakulima wetu wa mahindi na karanga wana kila sababu ya kulifuatilia.

Kwa ngeli, iweke I-ZI: aptama hii, aptama hizi. "Maaptama" hatuihitaji.

Sentensi yako, basi, ningeiandika hivi: "Wanasayansi wameteua aptama, yaani vipande vifupi vya DNA au RNA, zinazoshikana na protini mahususi za ugonjwa, kazi ambayo mwilini hufanywa na kingamwili."